MAKSAI ASIUZWE KWANZA

Juma hili nimepata barua ya baba mmoja wa upande wa Iramba. Jina lake silitaji, maana mambo ya nyumba ya mtu si ya kutangaza. Lakini shauri lake ni shauri la nyumba nyingi siku hizi, tena lafaa tulizungumze sote.

Baba huyo ana kijana aliyemaliza kidato cha nne. Hakuchaguliwa kuendelea, lakini hakukaa bure kijiweni. Umeme ulipofika kijijini mwao, walikusanya fedha za alizeti za mwaka ule, wakanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, pamoja na printa yake. Kijana akafungua kibanda karibu na stendi. Humo huchapa barua za watu, mihtasari ya mikutano ya kijiji, ratiba za mazishi, kadi za harusi na mitihani ya walimu. Watoto wa shule huja kutazama matokeo yao na kujaza fomu za kuombea mkopo wa masomo. Kwa kazi ya kibanda hicho dada yake mdogo amepata sare, madaftari na michango ya bweni kwa miaka miwili.

Sasa mashine imekuwa nzito. Baba aandika: “Tunaiwasha, tunapika uji, tunakunywa, ndipo inafunguka.” Wateja wanangoja, wanachoka, wanapanda pikipiki kwenda mjini. Kijana alipeleka habari kwa mafundi. Mmoja akamwambia, “Hiyo imezeeka, itupeni, nunueni nyingine.” Wa pili akamwambia, “Ongezeni kumbukumbu tu.” Nyumbani kuna maksai wawili. Baba ataka kumwuza mmoja. Mama hataki hata kusikia. Asema, “Maksai mmoja halimi. Mvua ikija, utajifunga nira wewe mwenyewe?” Tangu siku hiyo chakula cha jioni huliwa kimya. Na barua yaishia hivi: “Tumfuate nani?”

Mzee wangu, kwa leo mfuate mama watoto. Maksai asiuzwe kwanza. Sisemi kwamba fundi wa kwanza ni mwongo, wala kwamba wa pili ni mkweli. Nasema hakuna hata mmoja aliyeifungua mashine yenyewe akaitazama. Mganga asiyemgusa mgonjwa asipewe ng'ombe.

KUMBUKUMBU NI NINI?

Ninyi mnaopura mtama na uwele mtanielewa upesi. Nyumbani kuna kihenge, na kuna uwanja wa kupuria. Kihenge chatunza nafaka mwaka mzima. Uwanja ni mahali pa kazi ya leo. Uwanja ukiwa mpana, unatandaza masuke mengi, mnapura kwa pamoja, kazi yaisha mapema. Uwanja ukiwa mdogo kama mkeka, unachukua masuke machache, unapura, unaondoa, unarudi kihengeni kuchukua mengine. Siku yote ni kwenda na kurudi.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Diski ndiyo kihenge. Barua zote, picha zote na kadi zote zimelala humo hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi mjini huiita ramu, ndiyo uwanja. Kila unachokifungua mezani hutandazwa hapo. Uwanja ukijaa, mashine haikatai kazi, bali hujisaidia kwa kutumia pembe moja ya kihenge kama uwanja. Diski ni nzito mno kwa kazi hiyo, na hapo ndipo uji unapoiva kabla barua haijafunguka.

Tena uwanja hauna paa. Umeme ukikatika, vyote vilivyokuwa hapo hupeperushwa kama makapi katika upepo wetu wa Singida. Kwa hiyo mwambie kijana ahifadhi kazi kila baada ya mistari michache. Abonyeze kitufe cha Ctrl pamoja na S. Asingoje mpaka amalize ukurasa.

Kwa nini hupeperuka? Kwa sababu kipande cha ramu kina vyumba vidogo sana, na kila chumba chashika chembe ya umeme. Umeme huo huvuja kama maji katika kibuyu chenye ufa, hivyo mashine huujaza tena mara nyingi katika kila sekunde. Namna hiyo ya kutunza habari ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, Marekani, mwaka 1966. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza kipande chake cha kwanza cha aina hiyo, nacho kilikuwa na vyumba 1,024 tu. Kipande cha gigabaiti 2, ambacho leo watu hukitupa droani, kina vyumba zaidi ya bilioni 17. Basi usikidharau kitu kwa sababu ni chembamba.

KWANZA UJUE UGONJWA

Kompyuta nzito si lazima iwe na upungufu wa kumbukumbu. Mtu akikohoa, si kila mara ni kifua kikuu. Basi kijana apime hivi.

Awashe mashine, afungue kazi zake za kila siku kama mteja akiwapo. Halafu abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kwenye mashine zinazotumia Windows patafunguka dirisha lenye vipimo. Atafute mahali palipoandikwa Memory. Ikiwa imejaa karibu yote, tuseme sehemu 85 au 90 katika 100, na huku taa ya diski yawaka bila kupumzika, hapo uwanja umekuwa mdogo kweli. Kuongeza kumbukumbu kutasaidia.

Lakini ikiwa nusu ya kumbukumbu iko wazi na mashine bado yajikokota, usinunue ramu. Ugonjwa uko mahali pengine. Huenda ni virusi vilivyoletwa na flashi za wateja. Huenda diski imechoka, nayo hutoa sauti ya kugonga-gonga. Huenda vumbi limeziba feni, mashine yapata joto na kupunguza mwendo wake. Kwa vumbi letu la mwezi wa nane na wa tisa, hilo ni la kawaida kabisa. Nimepata kuona mashine iliyopona kwa brashi laini ya kupakia rangi, bila kununuliwa kitu chochote.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa nzito vivyo hivyo. Nikasikia habari za ramu. Nikapanda basi mpaka mjini, nikaingia dukani, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye fedha, “Nipe ramu ya gigabaiti 2.” Muuzaji hakuniuliza lolote, nami sikumwuliza lolote. Akanipa, nikalipa fedha ya kuku wanne, nikarudi nyumbani jioni.

Usiku ule nikafungua sanduku la mashine. Kipande kikakataa kuingia. Nikakigeuza, kikakataa. Nikakisukuma kwa gumba, nikasikia sauti ndogo, “ta!” Nikafurahi, nikidhani kimeingia. Kumbe ukingo wake umepata ufa. Kesho yake nikarudi dukani. Muuzaji akanionyesha maandishi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikuwa na la kusema. Kipande kilikuwa cha kizazi kingine kabisa, na kukisukuma nimekisukuma mimi. Kuku wanne wamekwenda, nauli mara mbili imekwenda, na mashine ni ile ile. Nawaambia haya ili kosa hilo liishie kwangu.

KILA KUMBUKUMBU INA KIZAZI CHAKE

Jambo kubwa ni hili: ramu si kama chumvi, kwamba ya duka hili yatosha chungu chochote. Zimetengenezwa kwa vizazi, na kizazi kimoja hakiingii katika mashine ya kizazi kingine. Yakateni maelezo haya mkayaweke.

DDR ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ina meno 184. DDR2 ilitoka mwaka 2003, ina meno 240. DDR3 ilitoka mwaka 2007, nayo ina meno 240. DDR4 iliingia madukani mwaka 2014, ina meno 288. Kanuni za DDR5 zilitolewa mwaka 2020, nayo ina meno 288. Meno ni vile vipande vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa ukingoni. Kila kizazi hutaka umeme mdogo kuliko kilichotangulia. DDR ya kwanza hutumia volti 2.5, DDR2 volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1.

Mwaona DDR2 na DDR3 zina meno sawa, na urefu wake ni ule ule, kama sentimita 13. Mtu asiyejua husema ni mapacha. Lakini tazama pengo dogo lililokatwa katikati ya meno. Pengo la DDR2 halipo mahali pamoja na pengo la DDR3. Watengenezaji wamefanya hivyo kwa makusudi, ili kipande kisiingie palipo na umeme usiokifaa. Basi kikikataa kuingia, kimekuonya. Usikisukume kama nilivyofanya mimi. Wala usikubali fundi achukue tupa akichonge.

Tena ramu ya kompyuta ya mpakato ni fupi, kama nusu ya ile ya mezani. Hata kama ni DDR3 zote mbili, haziwezi kubadilishana mahali.

SOMA KARATASI YAKE

Dawa ya kosa langu ni nyepesi: usiende mjini mikono mitupu. Kijana azime mashine, achomoe waya wa umeme, afungue sanduku, atoe kipande kilichomo, akifunge katika karatasi safi isiyo ya nailoni, aende nacho. Au akipige picha kwa simu, mbele na nyuma. Juu yake kuna karatasi iliyobandikwa, na maandishi yake yasomeka. Tuchukue mfano: 2GB 2Rx8 PC3-10600U.

2GB ni ukubwa, yaani gigabaiti 2. PC3 yatangaza kizazi: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Namba 10600 ni mwendo wake. Katika DDR3, 8500 ni mwendo wa 1066, 10600 ni mwendo wa 1333, na 12800 ni mwendo wa 1600. Katika DDR2, 6400 ni mwendo wa 800. Herufi ya mwisho, U, maana yake ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. Ukiona S, ni ya mpakato. Ukiona R, ni ya mashine kubwa za maofisini zinazohudumia mashine nyingine, nayo haifanyi kazi katika kompyuta ya kawaida ya mezani. Vipande vya R huuzwa kwa bei rahisi, na watu hudanganyika. Rahisi yake ndiyo hasara yake.

Maandishi 2Rx8 yahusu punje nyeusi zilizobandikwa juu ya kipande. Hapa pana siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Baadhi ya kompyuta za zamani za DDR3 hukikataa kipande cha gigabaiti 4 chenye punje 8 tu, lakini hukikubali chenye punje 16. Sababu ni kwamba punje kubwa zilitoka baada ya mashine hizo kutengenezwa, nazo hazizitambui. Kadhalika viko vipande vya DDR2 vya gigabaiti 4 vilivyotengenezwa kwa mashine za AMD tu. Mashine yako ikiwa ya Intel, huenda isiwake navyo. Basi kijana ahesabu punje kabla ya kuhesabu fedha.

Je, mwendo ukitofautiana? Hapo maksai wako watakufundisha, mzee wangu. Ukimfunga mwenye mbio pamoja na mzito katika nira moja, wote watakwenda kwa hatua za mzito. Ramu nazo ni hivyo. Ukiweka ya 1600 pamoja na ya 1333, zote zitakwenda kwa 1333. Si dhambi, kazi yafanyika. Lakini usilipe fedha zaidi kwa ajili ya mbio ambazo hutazipata. Tena mashine nyingi hupenda vipande viwili vilivyo sawa, vikae katika mashimo yaliyoandaliwa kwa jozi, mara nyingi yenye rangi moja. Hapo huvuta pamoja, na kazi huwa nyepesi.

MASHINE NAYO INA KIPIMO

Debe likijaa limejaa. Kila kompyuta ina kiasi cha mwisho cha kumbukumbu inachoweza kushika. Nyingine za zamani hufika gigabaiti 4 tu, nyingine 8, nyingine 16. Jina na namba ya mashine vimeandikwa mbele au ubavuni mwa sanduku. Kijana aandike namba hiyo, atafute katika intaneti kitabu cha maelezo cha watengenezaji wenyewe. Humo kiasi cha mwisho kimetajwa, pamoja na kizazi cha ramu na hesabu ya mashimo.

Kuna na kipimo cha pili, nacho hakionekani kwa macho. Ni cha programu kuu, kama Windows. Abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kilichoandikwa Pause. Patatokea maelezo, na humo ataona 32-bit au 64-bit. Ikiwa ni 32, programu hiyo inaweza kuhesabu baiti 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na kwa kawaida atakayoiona ikitumika ni kama 3 na kitu. Ukimnunulia gigabaiti 8, nyingine zitalala bure. Kwanza programu ibadilishwe iwe ya 64, ikiwa mashine inaikubali, ndipo ziongezwe.

Na kwa kuwa tumegusa Windows, niseme jambo moja. Watengenezaji waliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kumbukumbu mpya haizibi nyufa za programu ya zamani. Kijana anayepokea flashi za kila mtu, tena anayejaza fomu zenye namba za siri za watoto wa wenzake, yampasa kuwa mwangalifu. Asiziweke namba hizo katika mashine. Ziko pia programu kuu za bure, kama Linux Mint na Lubuntu, ambazo hazihitaji malipo, na hii ya pili ni nyepesi kwa mashine za zamani.

SIKU YA KUKIFUNGA

Sasa kipande kimepatikana. Dukani, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akijaribu mbele yako. Vingi vinavyouzwa mijini vimetolewa katika mashine zilizokufa. Si vibaya, maana ramu hudumu miaka mingi, lakini na ionekane ikiwaka. Uombe risiti, na uulize kama waweza kukirudisha baada ya siku chache. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kunyamaza kama mimi. Juu ya bei, siwezi kukutajia moja, maana hupanda na kushuka. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu mpya zilipanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vingi viligeukia mashine kubwa za akili bandia. Basi ulizeni maduka mawili matatu.

Nyumbani, chomoa waya wa umeme. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde chache, ili umeme uliobaki ndani uishe. Hapa sisi wa Singida tuna hatari yetu. Miezi ya kiangazi hewa yetu ni kavu sana. Je, hujawahi kuvua sweta usiku ukasikia “cha-cha-cha” na kuona cheche? Huo ni umeme, nao watosha kuua kipande cha ramu bila wewe kuhisi chochote. Kwa hiyo usivae nguo ya nailoni, usikae juu ya zulia. Gusa kwanza chuma kitupu cha sanduku la mashine, na ukiguse tena kila mara. Kipande ukishike kwa kingo zake, kama unavyoshika sahani ya watu. Meno yake usiyaguse.

Ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, maana mate yana maji na chumvi. Meno ya kipande cha zamani yakiwa na weusi, yasugue polepole kwa raba safi ya kufutia penseli, kisha upanguse. Fungua vishikizo vya shimo, linganisha pengo, kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu sawa hata vishikizo vijifunge vyenyewe. Hapo nguvu kidogo yahitajika, lakini si ya kupigania. Kama pengo halilingani, simama.

Washa. Mashine ikilia “pii, pii” na skrini ikabaki nyeusi, usilie nayo. Mara nyingi kipande hakijakaa vizuri. Zima, chomoa waya, kitoe, ukirudishe. Jaribu kimoja kimoja, ujue kipi ni kibaya. Ikiwaka, tazama kama kiasi kimeongezeka. Kisha katika Windows andika mdsched mahali pa kutafutia, uiache mashine ijipime yenyewe. Kipimo huchukua muda, hivyo afadhali kufanywa usiku wateja wakiwa wamelala. Kikisema hakuna kosa, kesho fungua kibanda.

NA KAMA HAIFAI?

Sitaki kuwatia tumaini la bure. Kijana akifungua akakuta DDR ya kwanza, yenye meno 184, mashine hiyo ni ya miaka ya mwanzo ya 2000. Usiitilie fedha. Itaongezwa leo, kesho itashindwa na jambo jingine. Hapo fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli, ingawa kwa kubahatisha. Lakini hata hapo msikimbilie mpya. Tafuteni iliyokwisha kutumika ya kizazi cha DDR3 au DDR4, na kibanda chenyewe kiweke akiba kidogo kidogo mpaka ifike.

Akikuta DDR2, aongeze ikiwa mashine nyingine zote ni nzima na kipande kimepatikana kwa bei ya kuku. Akikuta DDR3, yenye gigabaiti 2 tu ndani, na shimo moja li wazi, basi furahini. Kufikisha 4, au 8 kama kipimo chake charuhusu, kutaigeuza.

Twasahau upesi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya nchi yetu ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Leo kijana wa Iramba anayo yake kibandani, naye aweza kuifungua kwa bisibisi akajua kilichomo. Hilo ni jambo kubwa kuliko mashine mpya ambayo hakuna nyumbani aijuaye ndani yake.

Sasa, mzee wangu, mwite mama watoto, mwite na kijana, mkae pamoja. Mpeni kijana juma moja. Siku ya kwanza apime kwa vile vitufe vitatu. Siku ya pili afungue, asome karatasi, ahesabu mashimo. Siku ya tatu atafute kitabu cha mashine. Ndipo aende mjini na kipande cha zamani mfukoni, ndani ya karatasi. Na fedha atoe yeye, katika mapato ya kibanda, hata kama ni kwa kukopa debe la alizeti kwenu na kulirudisha. Kazi ni yake, na ajue uzito wake.

Maksai wote wawili wabaki zizini. Mwezi wa kumi na moja hauko mbali, na shamba halingoji kompyuta. Kibanda kikirudi kuchangamka, niandikieni mnijulishe, tena barua hiyo ichapwe humo humo kibandani. Nami nitataka kujua jambo moja zaidi: kama chakula cha jioni sasa huliwa kwa mazungumzo.